Kampuni ikileta sola kwenye zahanati yenu, iulizeni habari ya betri

Jumatatu ya wiki iliyopita nilipokea ujumbe mrefu kutoka kwa msomaji wa safu hii, mama wa watoto watatu na mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati ya kijiji chao. Kampuni inayonunua alizeti katika eneo lao imejitolea kufunga umeme wa jua kwenye zahanati hiyo, ambayo nguzo za umeme bado hazijaifikia. Meneja amefika, amelipiga picha paa, ameuliza bango liwekwe upande gani ili lionekane kutoka barabarani. Ameiachia kamati karatasi yenye orodha: taa za ndani na nje, runinga ya sehemu ya kusubiria, umeme kwenye nyumba mbili za watumishi, "na mengineyo kadiri fedha zitakavyoruhusu". Jibu lilitakiwa kabla ya Ijumaa, maana mwaka wa fedha wa kampuni ulikuwa unakaribia kufungwa.

"Daktari," aliandika, "wenzangu wanasema mgeni akikuletea zawadi humuulizi bei. Mimi moyo wangu haujatulia, ila sijui niulize nini."

Nilimjibu usiku uleule kwa mistari michache. Leo nakujibu na wewe kwa kirefu, kwa sababu ujumbe kama huo si wa kwanza kunifikia. Na kama unalea mtoto mdogo au unatarajia kujifungua mahali ambapo umeme haujafika, karatasi ya meneja yule inakuhusu kuliko unavyodhani.

Labda unashangaa daktari anaingiliaje mambo ya mafundi sola. Nikueleze nilikotoka.

Nilipoanza kazi, zaidi ya miaka 15 iliyopita, nilipangiwa hospitali ndogo iliyotegemea jenereta. Saa nne usiku jenereta ilizimwa ili kubana mafuta. Usiku mmoja mama aliyekuwa amejifungua salama alianza kutoka damu. Nilijua la kufanya. Tulikanda tumbo ili mfuko wa uzazi ujibane, tukampa dawa, lakini damu iliendelea. Hapo unatakiwa uangalie kama kuna mchaniko ndani, na kuangalia kunahitaji mwanga. Muuguzi alishika tochi kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine akashika kifaa. Mkono uliochoka unatetemeka, na tochi nayo inatetemeka. Chini ya mwanga ule damu na kivuli vinafanana. Mchaniko tuliupata, lakini tulikuwa tumepoteza karibu nusu saa. Mama yule alipona kwa damu ya ndugu zake wawili tuliowaamsha usiku huo. Nusu saa ile haikupotea kwa kukosa elimu wala dawa. Tulikosa taa.

Baadaye nilikuja kusoma kwamba daktari mwenzangu wa Marekani, Laura Stachel, aliona mambo hayohayo kaskazini mwa Nigeria mwaka 2008: wakunga wakizalisha gizani, upasuaji ukisimama umeme unapokatika. Yeye na mumewe, Hal Aronson, ambaye ni mwalimu wa umeme wa jua, walitengeneza sanduku dogo lenye taa, chaji ya simu na betri, linalounganishwa na paneli juu ya paa. Masanduku hayo leo yako katika vyumba vya kujifungulia vya nchi nyingi za Afrika. Hayana makubwa. Yana taa inayowaka mkunga anapoihitaji, basi.

Tatizo lenyewe halijaisha. Ripoti iliyotolewa Januari 2023 na Shirika la Afya Duniani, Benki ya Dunia na wenzao ilieleza kwamba watu karibu bilioni 1 katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati ngazi ya chini wanategemea vituo vya afya visivyo na umeme kabisa au vyenye umeme usioaminika. Kwa Afrika kusini mwa Sahara, ni nusu tu ya hospitali zilizokuwa na umeme wa kuaminika. Hapo tunazungumzia hospitali. Zahanati ya kijijini unaweza kuikisia mwenyewe.

Kwa hiyo kampuni inapojitokeza, mimi nafurahi. Tusije tukaelewana vibaya. Serikali ina mambo mengi, na mfanyabiashara anayepata faida kutoka kwa wakulima wa kijiji ana kila sababu ya kutaka wakulima hao na watoto wao wawe hai. Wasiwasi wangu uko kwingine.

Paa linang'aa, chumba kina giza

Miaka kadhaa iliyopita nilipita kwenye zahanati moja ya kanda ya kati katika ziara ya usimamizi. Kwa mbali niliona paneli zinang'aa juu ya paa, nikamwambia dereva, "Hawa wenzetu wamebarikiwa." Niliingia chumba cha kujifungulia, nikabonyeza swichi. Kimya. Mkunga akacheka, akatoa simu yake mfukoni na kuwasha tochi.

Mfumo ule ulikuwa zawadi ya kampuni moja, uliofungwa kwa sherehe, diwani akakata utepe. Ulifanya kazi vizuri miaka miwili, ukasuasua mwaka wa tatu, ukafa. Nilifunguliwa kabati la betri: zilikuwa nne, zimevimba kama maandazi. Nilipouliza, nikapata historia yote. Runinga ya kusubiria iliwashwa hadi usiku kila kulipokuwa na mechi. Simu za nusu ya kijiji zilichajiwa pale. Kinyozi alikuwa amevuta waya wake. Hakuna aliyeambiwa mfumo unaweza kubeba nini, na hakuna aliyeandika popote kwamba betri zikifa nani atanunua nyingine. Kampuni ilipopigiwa simu ilijibu kwamba mradi ulishafungwa na taarifa yake ilishapelekwa.

Sikuona wa kumlaumu peke yake. Kinyozi alikuwa anatafuta riziki, na simu zinahitajika, tena sana: ukitaka usafiri wa dharura kwa mjamzito kupitia m-mama, namba 115, simu yako lazima iwe na chaji. Kosa lilianzia kwenye hesabu iliyofanywa siku ya kwanza.

Paneli nzuri hudumu miaka 20 na zaidi. Betri za risasi, zile nzito zinazofanana na za gari, zikitunzwa vizuri huishi miaka mitatu hadi mitano. Zikikamuliwa mpaka mwisho kila usiku, hata miwili haifiki. Betri za lithiamu ni ghali zaidi lakini zinaweza kukaa miaka 10 hivi. Maana yake ni kwamba anayekupa paneli na betri mara moja tu amekupa paa la miaka 20 na usiku wa miaka minne. Baada ya hapo kuna bili, na bili hiyo haimo kwenye karatasi ya meneja.

Hesabu kwa uniti, kama za LUKU

Mama aliyeniandikia alisema mambo ya wati yanamchanganya. Nilimwambia hesabu hizi anazijua, kwa sababu dada yake mjini ananunua LUKU. Chukua wati za kifaa, zidisha kwa saa kinazotumika, gawa kwa 1,000. Umepata uniti.

Chumba cha kujifungulia chenye taa nne za wati 9, zikiwaka saa 12 usiku kucha, kinatumia 0.43. Hata nusu uniti haifiki. Runinga kubwa ya wati 100 ikiwashwa saa nane kwa siku inatumia 0.8. Yaani runinga ya kutuliza wagonjwa foleni inakula karibu mara mbili ya taa zote za chumba ambamo mwanao atazaliwa. Na pasi ya umeme ya mtumishi mmoja, kwa saa moja tu, yaweza kumaliza uniti nzima.

Hapa naomba niseme jambo ambalo wajumbe wengine wa kamati hawatalipenda: umeme kwenye nyumba ya mkunga si anasa. Mkunga asiye na taa wala chaji nyumbani anatafuta uhamisho, na akiondoka zahanati inabaki na paneli bila mtu. Ila nyumba yake iwe na mfumo wake mdogo, na betri yake, usiogusana na wa zahanati. Hivyo pasi ikizima mfumo, inazima nyumba, haizimi chumba cha kujifungulia.

Vilevile kwa friji ya chanjo. Siku hizi kuna friji za chanjo zinazoendeshwa na jua moja kwa moja, zisizotumia betri kabisa: mchana jua linagandisha barafu ndani ya kuta zake, na barafu hiyo inatunza ubaridi usiku na siku za mawingu. Zina paneli zake peke yake, na ziachwe hivyo hivyo. Fundi akikuambia ataziunganisha paneli za friji na taa "ili kuongeza nguvu", mkatalie kwa upole, na asipokuelewa mkatalie bila upole. Friji ya kawaida ya dukani, ile ya soda, haifai kwa chanjo hata ikiwa mpya. Chanjo nyingi za watoto zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Joto linaziua, na baadhi yake, kama ile ya pamoja inayokinga dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na homa ya uti wa mgongo, huharibika pia zikiganda. Friji ya soda hugandisha upande mmoja na kupasha mwingine.

Wewe mzazi unaweza kukagua hili bila kuwa mtaalamu. Siku ya kliniki, muulize muuguzi kwa adabu akuonyeshe karatasi ya joto iliyobandikwa kwenye friji. Inajazwa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Kwenye vichupa vingi vya chanjo kuna alama ya duara lenye mraba mdogo katikati. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo haijaunguzwa na joto. Ukifanana nalo rangi au ukiwa mweusi zaidi, hiyo chanjo haichomwi. Muuguzi mzuri hakasiriki ukiuliza. Na ukisikia friji iliharibika, usimfiche mtoto nyumbani; nenda, uliza chanjo zimehamishiwa wapi na siku gani zinapatikana.

Friji hiyo inakuhusu hata wewe mjamzito, ingawa dawa yenyewe mara nyingi hutunzwa kwenye friji ya dawa, si ya chanjo. Oksitosini, sindano tunayowachoma akina mama mara mtoto anapotoka ili kuzuia kuvuja damu, nayo inatakiwa kukaa kwenye baridi hiyohiyo ya nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kwenye kabati la joto miezi kadhaa, inapungua nguvu bila kubadilika rangi. Mkunga atakuchoma akiamini amekupa dawa. Kwa hiyo friji ya dawa nayo iingie kwenye hesabu yenu, kabla ya runinga.

Kama kwenu ni kituo cha afya kinacholaza watoto, hesabu inapanda. Mtoto mwenye nimonia kali aliyeishiwa oksijeni anahitaji mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani. Mashine moja ya kawaida ya lita tano inatumia wati 350 hivi, na haizimwi usiku. Kwa saa 24 ni uniti 8.4. Paneli za kilowati moja katika jua letu zinakupa kama uniti nne kwa siku, hivyo mashine hiyo moja inahitaji paneli za kilowati mbili na ushee pamoja na betri kubwa za usiku. Ni fedha nyingi. Lakini pale ndipo fedha nyingi zinapofanya kazi kubwa: utafiti uliofanywa katika vituo 20 nchini Uganda na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2024 ulionyesha kwamba watoto wa chini ya miaka mitano wenye upungufu wa oksijeni walipopata oksijeni inayoendeshwa na jua, vifo katika saa 48 za kwanza vilipungua karibu kwa nusu. Dawa nyingi ninazoandika kila siku haziwezi kujisifu hivyo.

Fedha zije zikifuata umeme

Sasa tuje kwa meneja. Yeye si mtu mbaya. Ana bajeti ya kusaidia jamii, bajeti hiyo inakwisha tarehe fulani, na bosi wake anataka picha. Kwake paneli juu ya paa ni kazi iliyokamilika. Kwako kazi imekamilika pale taa inapowaka saa nane usiku miaka sita baadaye. Mazungumzo yote ni kumsaidia aone kwa macho yako.

Kuna mfano ninaoupenda kutoka Goma, mashariki mwa Kongo, mji ambao umepitia vita kiasi kwamba ungedhani hakuna mwekezaji angeugusa. Kampuni ya umeme wa jua iitwayo Nuru ilijenga pale mtambo wa megawati 1.3, ukaanza kazi mwaka 2020. Shirika la Energy Peace Partners likabuni utaratibu wa vyeti: kila megawati-saa moja inayozalishwa, yaani uniti 1,000, inapata cheti, na kampuni kubwa za nje zinazotaka kuonyesha kwamba zinaunga mkono umeme safi zinavinunua. Microsoft ilikuwa ya kwanza kununua, na fedha zikasaidia kuweka taa za barabarani katika mtaa wa Ndosho. Mji huo uliingia mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, kwa hiyo sitakuchorea picha ya peponi. Ninachokichukua mimi ni utaratibu: mnunuzi analipia umeme uliozalishwa, umepimwa na mita. Ukisimama, vyeti vinasimama na fedha zinasimama. Kila mtu ana sababu ya kumtafuta fundi.

Zahanati yako peke yake ni ndogo mno kuuza vyeti Marekani. Lakini kanuni ile mnaweza kuiazima. Mwambieni meneja asitoe fedha zote siku ya kukata utepe. Sehemu kubwa ilipe vifaa na ufungaji, na sehemu iliyobaki itolewe kila mwaka, fundi akija, akipima betri, na mganga mfawidhi akisaini kwamba chumba cha kujifungulia kilikuwa na mwanga. Kama bajeti yake kweli haiwezi kuvuka mwaka, basi apunguze paneli, aondoe runinga, na fedha za betri ijayo aziweke sasa hivi kwenye akaunti ya benki ya zahanati, kwa maandishi yanayotaja ni za betri. Vituo vyetu vina akaunti zake vyenyewe tangu serikali ianze kupeleka fedha moja kwa moja vituoni mwaka wa fedha 2017/18, na kamati yenu inazisimamia. Hata picha atapata: ya hundi.

Yote haya yapitie halmashauri. Jengo ni la halmashauri, na Mganga Mkuu wa Wilaya anatakiwa ajue kilichofungwa juu ya paa lake, la sivyo hata vipuri vikihitajika hamna pa kudai.

Ninyi mnaoishi karibu na migodi mna nguvu zaidi ya hiyo. Tangu Sheria ya Madini ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2017, mwenye leseni anatakiwa kila mwaka kuandaa mpango wa kusaidia jamii na kukubaliana na halmashauri. Halmashauri itapeleka pale madai yaliyoko mezani. Kama la zahanati halipo, litatangulizwa la uwanja wa mpira.

Wala si lazima kampuni iwe kubwa. Chukua mfano tu, si bei halisi: tuseme betri zenu zitagharimu shilingi milioni 6 na zitaishi miaka mitano. Ni shilingi 100,000 kwa mwezi. Mwenye mashine ya kusaga, mwenye duka la dawa, wakala wa fedha kwa simu, mwenye basi linalolala kijijini: wako kumi, kila mmoja 10,000. Hawawezi kununua mfumo, na hakuna atakayewakatia utepe, lakini wanaweza kuufanya usife. Mara nyingi tunawaomba wafanyabiashara wadogo mchango wa harusi na hatuwaombi wa mwanga wa kuzalia.

Betri iliyokufa ina mtoto jirani

Kuna swali moja ambalo kampuni nyingi hazijawahi kuulizwa, na mimi kama daktari wa watoto wenu silali vizuri nikilifikiria: betri za zamani zinakwenda wapi?

Betri ya risasi ikifa bado ina thamani. Atapita kijana na mkokoteni, ataipasua, atamwaga maji yake makali chini, risasi ataiuza au ataiyeyusha kwenye sufuria nyuma ya nyumba. Vumbi lile linakaa kwenye udongo. Mtoto anayetambaa analamba mikono. Risasi haina kiwango salama mwilini. Kwa mtoto inashambulia ubongo, inapunguza uwezo wa kujifunza, inaleta upungufu wa damu, na ikizidi inaleta degedege na kifo. Madhara ya ubongo hayarudi nyuma kwa dawa.

Mombasa walijifunza kwa machungu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwapa wakazi sumu ya risasi kwa miaka. Mama mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, Phyllis Omido, aligundua kwamba mwanawe mchanga alikuwa na risasi mwilini kupitia maziwa yake mwenyewe. Alipigana hadi kiwanda kikafungwa mwaka 2014, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru jamii ile ilipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Kesi iliendelea kwenye mahakama za juu baada ya hapo. Wale walikuwa wanaishi kando ya kiwanda. Sufuria moja nyuma ya zahanati haihitaji kiwanda kumdhuru mtoto wa jirani.

Basi andikeni kwenye makubaliano: anayeleta betri mpya anaondoka na za zamani, zikiwa nzima, na anaonyesha risiti ya alikozipeleka. Mpaka hapo zikae kwenye chumba kilichofungwa, si uwanjani kliniki inapofanyikia.

Na kama kwenu hakuna kampuni, hakuna sola, na una mimba ya miezi saba? Usiamue kujifungulia nyumbani kwa sababu zahanati ina giza. Kwenye kliniki muulize mkunga wazi kabisa: usiku mnatumia taa gani? Kama uliwahi kuvuja damu, kufanyiwa upasuaji au una mapacha, panga mapema kusogea karibu na hospitali yenye umeme na upasuaji. Weka tochi ya kichwani yenye chaji kwenye begi la kujifungulia pamoja na khanga. Mkunga atakushukuru, mikono yake miwili itakuwa huru. Chemli na kibatari visikaribie mahali mtu anapewa oksijeni, hata mara moja.

Mama wa kijiji cha alizeti nilimshauri kamati ijibu hivi: tunashukuru na tunakubali; chumba cha kujifungulia kwanza, kisha friji ya dawa, kisha taa ya njia ya kuingilia; nyumba ya mkunga iwe na mfumo wake; runinga hatuihitaji; fedha za runinga na za nyumba ya pili ziwekwe akiba ya betri; fundi aje mara mbili kwa mwaka kwa miaka mitano; betri chakavu zirudi kwa muuzaji; na mtu mmoja wa kijijini, ikiwezekana kijana anayekaa jirani, afundishwe kupangusa paneli na kusoma taa za onyo.

Ijumaa saa moja jioni akanitumia ujumbe. Kampuni imekubali habari ya runinga. Akiba ya betri wamekubali nusu, nusu nyingine meneja amekwenda kuulizia makao makuu. Fundi amekuja kupima, na amekiri kwamba orodha ya kwanza isingefika asubuhi hata siku moja ya mvua. Kilichobaki ni bango. Kampuni inataka la mita tatu, mwenyekiti wa kijiji anataka jina la kijiji litangulie, na mganga mfawidhi anaomba lisizibe dirisha la chumba cha kujifungulia, kwa sababu mchana lile dirisha ndiyo taa yake.